MJANE, MAFUTA NA VYOMBO VYA MAJIRANI
Somo kwa vijana wetu juu ya kuanzisha kazi

Masomo ya kusoma kwanza: 2 Wafalme 4:1-7, 2 Wafalme 5:20-27, Luka 14:28-30, Matendo 18:1-3.

 

Somo hili limetoka katika ulizo la vijana wenyewe. Walitujia baada ya ibada, wakasema: “Tumefundishwa ujasiriamali mara mbili, wengine mara tatu. Tumekaa juu ya benchi siku tano, tumekula mchele na maharagwe, tumepigwa picha, tumepewa hati yenye muhuri. Na leo hatuna kazi. Je, mafunzo haya ni ya bure? Au sisi ndio hatuna baraka?” Ulizo hili halijibiwi kwa kusema tu “ombeni zaidi.” Tuliomba, ndiyo. Lakini tulifungua Biblia pia, tukatafuta habari za mahali pengine, tukapiga hesabu. Hayo tuliyoyapata tunayaweka hapa ili yasomwe katika vikundi, pole pole, hata kwa majuma mawili.

Nabii anauliza nini?

Someni habari ya yule mama mjane. Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Mungu. Hata hivyo alikufa akiacha deni. Tusipite haraka hapa, kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba nyumba ya mtumishi wa Mungu haiwezi kuwa na deni. Biblia haifichi jambo hilo. Na mwenye kudai hakuja kuchukua mbuzi wala kitanda, alikuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa wake.

Ninyi wa Fizi mnaelewa maneno haya kuliko watu wengi. Umaskini wetu nao unadai watoto. Kijana asiye na kazi huitwa na mwenye bunduki, na anaitwa kwa jina la kabila lake. Mwingine anakwenda katika machimbo ya dhahabu ya Misisi, na mama yake hajui kama atarudi. Mwaka 2021, mwezi wa kumi, wakati Bibokoboko iliposhambuliwa na nyumba kuchomwa na watu wakakimbilia Baraka, wengi walishuka na mavazi waliyovaa tu. Basi tunaposema juu ya kazi kwa vijana, tunasema juu ya mlango ambao mwenye kudai anaupiga hodi.

Sasa tazameni Elisha. Neno lake la kwanza ni ulizo: nikufanyie nini? Na la pili linafuata upesi: una nini nyumbani? Mama anajibu kwamba hana kitu, kisha anakumbuka chupa ndogo ya mafuta. Hivi ndivyo tunavyojibu sisi sote. Tunasema “sina kitu,” kumbe tuna kitu tulichokizoea mpaka hatukioni tena. Kijana wa mlimani anajua kukamua ng’ombe na kutunza ndama. Anajua maharagwe gani huiva upesi. Dada anajua kusuka. Mwingine anaijua njia ya kushuka Baraka kwa miguu, na anajua saa gani bei ya samaki ndagala hushuka sokoni. Hiyo ni chupa ya mafuta.

Halafu nabii anamtuma kwa majirani kuomba vyombo vitupu, na anamwonya asiombe vichache. Biblia haisemi kwamba majirani hao walikuwa wa ukoo wake. Inasema majirani tu. Bibokoboko walikaa Wanyamulenge, Wabembe, Wafuliiru na Wanyindu, mlima mmoja na maji ya mto mmoja. Mawese hutoka chini, upande wa ziwa, na maziwa na maharagwe hushuka kutoka juu. Hakuna kabila katika nchi yetu linaloweza kupika chungu kizima peke yake. Yeye aliyekataza watu kununuliana sokoni alivunja vyombo vya mjane.

Na sehemu ya mwisho ndiyo tunayoipenda sana. Vyombo vilipojaa, mama hakwenda sokoni moja kwa moja. Alirudi kwa mtu wa Mungu kumwambia. Ndipo akapewa shauri la biashara, na shauri lenyewe lina mpango: uza kwanza, lipa deni pili, na kwa yale yanayobaki ishi wewe na watoto. Muujiza ulimpa mafuta, lakini kuuza aliachiwa yeye. Na nabii alikuwa bado yuko pale, mtu aweze kumrudia na kumwuliza. Tutarudi kwa jambo hili, kwa maana hapo ndipo mafunzo mengi ya leo hukatika.

Mafunzo haya yalitoka wapi?

Wengine hudhani ni mambo ya juzi. Sivyo. Chuo cha serikali cha ufundi, INPP, kilianzishwa tarehe 29 Juni 1964, nchi yetu ikiwa bado changa katika uhuru. Shirika la Kazi la Kimataifa, lile tunaloliita BIT, lina mafunzo yanayoitwa GERME, na mizizi yake ni kitabu cha waajiri wa Sweden cha miaka ya 1970, ambacho baadaye kiligeuzwa kufaa nchi zetu. Somo jingine la BIT, la kufundisha biashara shuleni, lilijaribiwa kwanza kwa jirani zetu wa Kenya katika miaka ya 1980. Na hapa kwetu, tarehe 8 Septemba 2022, serikali ilitoa amri yenye nguvu ya sheria, namba 22/030, juu ya kuendeleza ujasiriamali. Kwa hiyo mlango uko kwenye karatasi. Kutoka karatasi mpaka mlimani ni safari ndefu, lakini ni vizuri kijana ajue kwamba sheria ipo.

Je, mafunzo yanafaa? Watu wenye elimu walipima jambo hili, na tunaeleza mawili tu.

La kwanza ni Uganda. Mwaka 2008 serikali ya huko iliwaambia vijana wa kaskazini, nchi iliyotoka katika vita, wajiunge katika vikundi, waandike wenyewe kazi wanayotaka na namna watakavyojifunza. Vikundi vilikuwa vingi kuliko feza, basi wakachagua kwa kura. Waliochaguliwa walipata kama dola 382 kila mtu, wakanunua mafunzo na vyombo vya kazi: cherehani, vyombo vya useremala na vya kuunga chuma. Baada ya miaka minne mapato yao yalipita ya wale wasiochaguliwa kwa asilimia 38. Hilo ni jambo kubwa. Lakini waliporudi kupima tena baada ya miaka tisa, wale wengine walikuwa wamewafikia katika mapato. Maana yake nini? Sisi tunaisoma hivi: mafunzo pamoja na vyombo humtangulisha mtu mbele njiani, lakini hayamtembezi njia yote. Na yule ambaye kura haikumwangukia asijilaumu kwamba amelaaniwa. Alichelewa tu, kisha akafika.

La pili ni Togo, katika mji wa Lomé, na habari yake ilitolewa mwaka 2017. Walichukua wenye biashara ndogo 1.500, wakawagawa mafungu matatu. Fungu moja halikufundishwa. La pili lilifundishwa hesabu, masoko, na mambo ya kawaida ya biashara. La tatu lilifundishwa kujianzia: kutazama mbele, kutafuta njia mpya bila kungoja kusukumwa, na kutokata tamaa kizuizi kinapotokea. Wale wa hesabu, faida yao ilipanda kama asilimia 11, na wapimaji walisema hawawezi kuiamini sana. Wale wa kujianzia walipanda asilimia 30, na wamama kati yao asilimia 40. Kumbukeni, walimu walifika pia katika biashara zao, mmoja mmoja, kwa miezi kadhaa. Hawakugawa hati na kupanda gari.

Hapo mnaona kwa nini tuliwaambia mtunze lile neno, kwamba mjane alirudi kwa nabii. Katika Baraka tumeona kwa macho yetu mafunzo yaliyomalizika siku ya Ijumaa, na siku ya Jumatatu hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Cherehani zilitolewa, moja kwa vijana watatu, bila uzi na bila sindano ya pili. Sindano ilivunjika. Cherehani ikauzwa, feza ikagawanywa, urafiki nao ukavunjika. Hatutaji jina la mradi wowote, maana wengi walikuja kwa moyo mwema. Lakini vijana, mkialikwa tena, ulizeni kabla ya kuandika majina: Nani atarudi kututazama baada ya mwezi wa tatu? Kama jibu ni “tutaona,” nendeni mkajifunze, ila msiweke matumaini yote hapo.

Mfano wa sabuni

Kwa sababu somo letu ni la mafuta, tuchukue mafuta yetu, mawese. Bido moja ya litre 20 ina uzito wa kilo 18 hivi. Kila kilo ya mawese inataka gramu 134 za sude kostiki ili sabuni isibaki na ukali. Kwa bido nzima ni kilo 2 na gramu 400. Maji litre 6. Sude humiminwa ndani ya maji, pole pole, katika ndoo ngumu ya plastiki. Kamwe msimimine maji juu ya sude, itaruka usoni. Msitumie sufuria ya aluminium, sude inaila. Watoto wakae mbali. Ikigusa ngozi, osheni kwa maji mengi sana mara moja. Maji ya sude yakipoa, yamimineni katika mafuta na kukoroga mpaka yawe mazito kama uji, kisha katika kibao. Mkate kesho yake, lakini msiuze mpaka majuma manne yapite. Sabuni changa inachoma mikono, na mteja aliyechomwa harudi.

Sasa hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, andikeni ninyi bei ya soko lenu. Tuseme mawese ni faranga 50.000, sude 15.000, kuni 3.000, kubeba 4.000. Jumla 72.000. Mmepata vipande 60, mkauza kila kimoja 1.500: ni 90.000. Faida ni 18.000.

Lakini jambo lenyewe haliendi hivyo, nanyi mnajua. Shangazi anakuja kuchukua viwili, “nitalipa soko lijalo.” Kaka mkubwa anachukua vitatu bila kusema neno. Mwalimu wa kwaya anachukua viwili. Viwili vinatumika nyumbani na kimoja kinapotea. Ni kumi. Vilivyouzwa ni 50, feza ni 75.000, na faida ni 3.000 kwa kazi ya mwezi mzima. Hapo kijana anasema ana bahati mbaya, au jirani amemroga. Hakuna mchawi hapa. Ni vipande kumi. Mjane aliambiwa afunge mlango wakati wa kumimina, yeye na watoto wake ndani. Sisi tunafikiri hata mlango ule una maana katika biashara. Shangazi tumheshimu, lakini aandikwe katika daftari kama wateja wengine.

Kijana mmoja aliuliza tena: sadaka yangu niitoe kwa 90.000 au kwa 18.000? Ulizo zuri. Zile 72.000 si zako. Ni za mawese ya kesho. Ukizigusa, hata kwa ajili ya nsinsani, mwezi ujao hutakuwa na cha kutoa. Toa katika faida, na utoe kwa furaha. Viongozi wasiomkubali kijana huyu kwa sababu bahasha yake ni nyembamba, wamhurumie mpaka chombo chake kijae.

Juu ya lutuku

Lazima tuseme wazi. Kuna wadada wanaosema: “Ninyi mnatufundisha sabuni ya majuma manne, na lutuku inaleta feza kesho. Mimi sinywi. Ninauza tu.” Kanisa letu linakataza pombe, na hatuwezi kukataza kinywa cha mwamini na kuruhusu kibuyu chake. Kilevi unachouza ndicho kinachompa jirani hasira usiku, na katika nchi yenye silaha nyingi hasira ya usiku haiishi kwa matusi.

Lakini, ninyi wababa na wamama wa Kanisa, tujihukumu nasi. Mara ngapi tumemkemea mama mbele ya watu kwa ajili ya lutuku yake, akaacha, tukaimba, tukamwacha arudi nyumbani na watoto wanne na chungu kitupu? Elisha hakumwambia mjane “usiuze hiki” kisha akanyamaza. Mtu anayeondolewa katika kazi mbaya apewe vyombo vya kazi njema siku ile ile. Parokia isiyoweza kufanya hivyo ikemee kwa sauti ndogo.

Mtaji utoke wapi?

Wazee wetu wa imani hawakungoja feza ya mgeni. Baba Simon Kimbangu alifanya kazi ya mikono kabla ya mwaka 1921, na alipofungwa mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951, maelfu ya waamini walihamishwa mbali na vijiji vyao, wakaanza upya katika nchi za watu. Hekalu la Nkamba, lililofunguliwa tarehe 6 Aprili 1981, lilijengwa kwa mawe waliyobeba waamini na kwa feza waliyochanga wenyewe. Hatuna neno la ajabu la kuongeza: Upendo, Amri, Kazi. Neno la tatu ni neno la Kanisa pia.

Katika Kivu ya Kusini watu wengi wanajua MUSO, chama cha kusaidiana chenye masanduku matatu. La kijani ni la kukopeshana kwa biashara. Jekundu ni la shida, ugonjwa na msiba, na feza yake hairudishwi. La buluu ni kwa feza inayotoka nje, kama mkopo wa benki au msaada. Sisi tunapenda mpango huu kuliko likelemba peke yake, kwa sababu ya lile sanduku jekundu. Mtaji wa kijana wa kwetu hauuawi na uvivu mara nyingi. Unauawa na msiba. Mtoto anaugua, mtaji unakwenda hospitali, biashara imekufa. Na ile riba ndogo ya sanduku la kijani haimnyonyi maskini, kwa sababu inarudi kwa wanachama wenyewe. Funguo zikae kwa watu watatu, wa jamaa mbalimbali, na kama inawezekana wa makabila mbalimbali. Sanduku la MUSO lisichanganywe na hazina ya Kanisa, hata kwa usiku mmoja.

Kuna neno moja gumu, nasi ni Kanisa la manabii, kwa hiyo linatuhusu. Siku hizi wako wanaojiita manabii wanaowaambia vijana: leta mtaji wako niuombee, nao utaongezeka. Someni tena. Elisha hakuchukua hata chombo kimoja cha yule mjane. Na mtumishi wake Gehazi, alipokimbia nyuma ya mgeni kutafuta feza na mavazi kwa jina la nabii, alirudi na ukoma. Tunaomba juu ya kazi zenu, ndiyo, na tutaomba. Lakini hakuna anayepaswa kulipia maombi, wala kuacha hesabu kwa sababu ameota ndoto. Luka 14 inasema juu ya mtu anayekaa kwanza na kupiga gharama ya mnara. Paulo mwenyewe alishona hema pamoja na Akila na Prisila, na hatusomi kwamba Roho alimwacha wakati sindano ilikuwa mkononi.

Kazi ya juma hili

Kila kijana aje na daftari na kalamu. Ukurasa wa kwanza aandike yote aliyo nayo nyumbani, hata yale anayoyaona madogo. Ukurasa wa pili, majirani watano anaoweza kuwaomba chombo au shauri, na mmoja wao asiwe wa kabila lake. Ukurasa wa tatu, madeni yake yote, bila kuficha, kwa maana hatutausoma ukurasa huo mbele ya watu. Wale waliokwisha kupata hati za mafunzo waje nazo pia. Tutawapanga wawafundishe wenzao yale wanayoyakumbuka.

Katika vikundi mjadili haya: Kwa nini mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha, wala si mbele? Mjane angefanya nini kama majirani wangekuwa wamekimbia? Kama MUSO ya vijana ikianza Baraka na wengine wakapanda tena mlimani, sanduku litakaa wapi? Ulizo hili la mwisho hatuna bado jibu lake. Leteni mashauri yenu kwa maandiko, na majina ya watu watatu mnaowaamini kwa funguo.